Mwendo wa Baba Yangu Haugombei Kura

Mimi shule niliishia darasa la saba, huko Busi, Kondoa, na sioni aibu kulisema, kwa sababu waliosoma ndio wanaonipigia simu leo niwachoree. Nilianza na milango ya vinyozi. Nikaja Dodoma mjini nikachora vibanda vya chipsi, magari ya maji, mabango ya mikutano ya injili. Magazeti yakanitafuta nichore vibonzo. Kisha nikajifundisha mwenyewe kuchezesha katuni, kwenye kompyuta mbovu iliyokuwa ikizima kila ikipata joto, na joto la Dodoma mvua zikikaribia unalijua. Hakuna aliyenishika mkono. Ukisikia katuni imetoka hapa kwetu na watu wameicheka mpaka Mwanza, usisumbuke kuuliza ni ya nani.

Katuni iliyonijengea nyumba ni ya mzee mmoja mstaafu wa reli. Ana koti la kaki, kofia imelegea, na hoja kwa kila mtu: kwa diwani, kwa mwenye duka, kwa mchungaji. Lakini watu hawakumpenda kwa maneno yake. Katuni inachekesha kwa miguu. Maneno unaweza kumwandikia yeyote, ila mwendo lazima utoke mahali.

Ule ulitoka kwa baba yangu. Baba alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa huku na kazi ya reli. Siku moja taruma la chuma likamwangukia nyongani, na tangu hapo mguu wa kulia ulikuwa unatangulia, halafu mwili unaufuata, kama mtu anayevutwa na mbuzi. Alipoacha kazi alihamia Busi, kwao mama, akalima alizeti kwa mwendo huohuo. Watoto wa kijiji walimwiga, naye akawa anawasahihisha: "Siyo hivyo, wewe unaruka. Mimi siruki, navutwa."

Nilimchora hatua kwa hatua, picha nyingi kwa hatua moja tu, mpaka nikaupata. Nikampelekea kwenye simu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani. Akatazama, akarudia kutazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyu kanizidi," akasema. "Mimi nikifika kisimani napumzika, yeye hapumziki."

"Nimwoneshe kwa watu, baba?"

"Mwoneshe. Ila usimpe fimbo. Mimi fimbo sijawahi kushika."

Sijampa. Baba amefariki, mzee wa katuni anatembea bila fimbo mpaka leo.

Sasa nikuletee mtu wangu mmoja. Alikuwa emsii wa harusi na mchekeshaji, Mgogo wa Mkonze, mwenye sauti nzuri, hilo siwezi kumnyima. Mimi ndiye niliyemchukua awe sauti ya mzee wangu. Alikuwa akija studio kwangu, anasimama nyuma ya kiti changu, anatazama ninavyochora, na huku nyuma miguu yake inajaribu. Niliona nikafurahi. Nikadhani ni mapenzi ya kazi.

Katuni ilipokolea, alianza kualikwa huku na huko kama ndiye mzee mwenyewe. Mimi sikuwa na neno, mchoraji kazi yake ni kukaa ndani. Kisha chama chake kikatafuta wagombea wa udiwani, naye akajitokeza. Siku ya kwanza ya kampeni nilikuwa nimekwenda mwenyewe kumshangilia. Muziki ukapigwa, na yeye akapanda jukwaani kwa koti la kaki na kofia iliyolegea, akivutwa na ule mbuzi asiyeonekana. Watu wakalipuka. Mkononi alikuwa na fimbo.

Nilihisi kama nimepigwa nayo. Baba yangu, ambaye alibeba vyuma na kulima bila kuegemea kitu, anatembezwa na mkongojo mbele ya spika ili mtu apate kura.

Alipata. Udiwani wote ule aliupata kwa nyonga ya baba yangu, na anayebisha aje anibishie mimi. Nimechora wanasiasa miaka mingi, nawajua mpaka soli za viatu vyao. Mwanasiasa anaomba umwamini, msanii anaomba umcheke. Huyu alivitaka vyote viwili kwa wakati mmoja, na alivipata kwa sababu watu walidhani wanamcheka mzee, kumbe wanampigia kura aliyemvaa. Sanaa ukiipandisha jukwaa la siasa, watu wanasahau kuuliza ni nani aliyeitengeneza. Wanamwona aliyeshika kipaza sauti tu.

Nilimpigia simu hakupokea. Mwanasheria mmoja akaniambia picha zangu zinalindika, ila mwendo wa mtu, mh, huo ni mgumu kuushika. Ndipo nikasikia amealikwa Chimwaga, kuzungumza na wanafunzi wa chuo kuhusu wasanii kuingia uongozini. Nikaenda. Ulipofika wakati wa maswali nikasimama nikauliza, mheshimiwa, huo mwendo unaotembea nao umeutoa wapi?

Hakutikisika. Akatabasamu kama yuko harusini.

"Ah, jamani, mnamjua huyu? Huyu ni fundi wangu wa rangi wa zamani! Mpigieni makofi, ni darasa la saba wa watu!"

Ukumbi ukacheka na kupiga makofi. Akaendelea, "Fundi, mwendo hauna hati. Kila mtu kazaliwa na miguu yake."

Nikakaa. Vijana walioketi karibu nami walinitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonichoma kuliko kicheko. Njia nzima ya kurudi mjini niliapa. Sikuapa kumpiga wala kumloga. Niliapa kwamba atausema ukweli kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wake, kwao.

Nafasi ikaja kwa msiba. Baba yake mkubwa alifariki, mzee sana, aliyekula chumvi ya kutosha, na maziko yalikuwa nyumbani kwao Mkonze. Sasa elewa jambo moja. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani, tangu enzi za misafara ya mizigo. Msiba wa mtani wako huendi kulia. Unakwenda kuvuruga: unaficha sufuria, unamwiga marehemu, unakalia udongo wa kaburi mpaka wafiwa wakukomboe. Na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. Yule marehemu mwenyewe alikuja Busi alipokufa baba yangu, akalivaa koti la baba na kugoma kulivua mpaka alipopewa kuku. Kwa hiyo mimi kwenda Mkonze lilikuwa deni la utani, halali kabisa. Kwamba nilikuwa na langu moyoni, hilo nalo lilikuwa halali.

Nilifika mchana, turubai limejaa. Diwani alikuwa mbele na miwani myeusi, kijana wake wa ulinzi kasimama nyuma yake. Wakati huo tayari alikuwa anautaka ubunge, na nusu ya watu pale walikuwa wajumbe wa chama wa kumpigia kura za maoni. Nikawapa wazee shikamoo, nikaenda moja kwa moja kaburini, nikanyakua koleo na kukaa juu ya kifusi.

"Hazikwi mtu hapa! Mtani amekuja!"

Watu wakaanza kucheka, hata wafiwa. Mama mmoja akapaza sauti kutoka jikoni, "Huyo Mnyamwezi msimpe wali, ataubeba kichwani mpaka Tabora!"

Nikasimama, nikatembea. Kutoka kifusini hadi turubai, mwendo wa baba yangu, mguu mbele na mwili nyuma. Na hapo ndipo nilipopata pigo nisilolitarajia, kwa sababu umati wote ulishangilia, "Mheshimiwa huyo! Anamwiga mheshimiwa!"

Nikasimama katikati ya jua.

"Huu mwendo wa nani?" nikauliza.

"Wa mheshimiwa!"

Nikamgeukia. "Mtani, waambie."

Akacheka kidogo, akatoa noti mfukoni. "Chukua soda, mtani wangu, tumzike mzee."

Nilizichukua, nikampa yule mama wa jikoni. "Soda watakunywa wapishi. Kaburi hili mtalikomboa kwa neno moja tu. Huu mwendo wa nani?"

Akavua miwani. Nikaona anapima, kama emsii anavyopima ukumbi uliokataa kucheka. Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa kwao hakupaswa kulifanya kamwe: akamtupia jicho kijana wake wa ulinzi. Yule kijana, sijui kazaliwa wapi, akanijia akanikamata ukosi wa shati.

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa. Shangazi yake diwani, dada wa marehemu, bibi mwembamba wa kaniki, akainuka kwenye mkeka.

"Mwachie! Wewe, mwachie! Unamkamata mtani kwenye msiba wa kaka yangu?"

Kijana akaniachia. Bibi akamgeukia diwani.

"Na wewe ndiye uliyemtuma. Nimekuona. Ukubwa umekuzidi mpaka unatia mkosi kwenye kaburi la baba yako?"

"Shangazi, huyu ana mambo yake mengine..."

"Kaka yangu anaungua jua! Umeulizwa swali, jibu!"

Mchungaji alitazama Biblia yake. Wajumbe walimtazama diwani. Akasema kitu mdomoni.

"Sauti!" nikasema. "Wewe si emsii?"

"Ni wa baba yake."

"Baba yake nani?"

"Baba yake huyu. Mnyamwezi wa reli, wa Busi."

"Na fimbo?"

Akamtazama shangazi yake, bibi akakohoa.

"Fimbo niliongeza mimi."

Nikamkabidhi koleo. Tukamzika mzee vizuri, nami nilitupia udongo wangu kwa heshima, kisha nikala wali wa watu na nikafungashiwa mwingine.

Jioni alinipigia, safari hii yeye ndiye aliyepiga. "Mtani, ya msibani yanaishia msibani, si unajua?" Nikamwambia najua. Na kweli sikurusha chochote mtandaoni, mimi ni mtu wa mila. Lakini pale Mkonze simu zilikuwa nyingi kuliko maua. Alipoanza kuzunguka kwa wajumbe, kila alipotanguliza mguu wa kulia kulikuwa na mtu nyuma anayepaza sauti, "Huo wa nani?" na wengine wakajibu, "Wa Mnyamwezi!" Mtu aliyezoea kuchekesha hajui afanye nini anapochekwa. Aliangushwa kwenye kura za maoni, na udiwani, ambao hakuuomba tena, nao akaukosa. Wapo wanaosema aliangushwa na mambo ya ndani ya chama. Waache waseme. Mimi najua nilichokifanya.

Baadaye alikuja studio, peke yake, asubuhi. Akapiga hodi kama mtu.

"Kaka, nimerudi kwenye vichekesho. Watu wanautaka ule mwendo. Nipe ruhusa, tuandikishane kwa mwanasheria, jina la mzee litajwe kila mahali."

"Ruhusa siyo yangu. Nenda Busi, kaburi lake lipo kando ya shamba. Ukamwombe."

"Kaka, amekufa. Atanijibu nini?"

"Kaa pale mpaka ujue."

Alidhani natania. Akacheka, akaona sicheki, akaondoka. Dada yangu yuko Busi, na kila akipiga simu, kabla ya salamu za mvua namwuliza kama kuna mgeni aliyefika makaburini. Hajafika. Mke wangu anasema nimsamehe, mtu keshaanguka, inatosha. Namwambia kuanguka alianguka mwenyewe, mimi namsubiri Busi.

Juzi tulialikwa harusi hapa mjini, na emsii akawa yeye. Wakati wa kuwaingiza maharusi, vijana waliochangamka wakaanza kupiga meza, "Mwendo! Mwendo! Mzee wa reli!" Akiwa nyuma ya meza yake, akakishika kipaza sauti, akautanguliza mguu wa kulia kidogo tu, kama anayepima maji. Kisha akaniona. Mke wangu akanifinya pajani chini ya meza, maana yake nitabasamu, nimpungie mkono, yaishe.

Nikachukua paja la kuku. Nikamtazama huku natafuna, polepole, mpaka akaurudisha mguu, na maharusi wakaingia yeye akiwa amesimama palepale nyuma ya meza yake.