Siku Koku Alipowatajia Wakwe Zangu Bei ya Kahawa

Mkasa huu siwezi kuusimulia huku namtazama mtu usoni, lakini kwa kuwa nusu ya watu wa kijijini kwetu Ndama wanaujua na nusu nyingine wanausimulia vibaya, ni afadhali muusikie kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimemaliza chuo (shahada ya biashara, kazi bado), nikarudi nyumbani kwa wazazi, ambako wanaishi pia watoto wa kaka yangu, Koku wa darasa la tatu na mdogo wake Mugisha. Mtu mwenye shahada na asiye na kazi ni wa kuogopwa, maana lazima amfundishe mtu kitu. Nikaona niwafundishe watoto habari za pesa. Kuosha vyombo na kufagia uwanja ni kazi za kawaida, hazina malipo, kwa sababu wewe ni mtu wa nyumba hii. Kuchambua kahawa iliyoanikwa au kumenya ndizi za shughuli ni kazi za ziada, mia mbili. Kabla ya kuamua nilikosa hamu ya kula: nikiwalipa si nitawaharibu? Na nisipowalipa, wakikua hawajui pesa, atalaumiwa nani? (Mama alidhani nina malaria.) Mwishowe nikaamua ndiyo, tena nikaongeza kanuni niliyojivunia sana, kwamba kabla hujagusa kazi mkubaliane bei.

Koku alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi chuoni.

Sasa ikafika siku ya wageni. Laurenti, mchumba wangu, alikuwa ametuma wazee wake kutoka Kyerwa waje kuniposa, na msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, mzee ambaye sifa yake ilitangulia kufika: alishawahi kunyanyuka kwenye posa ya mtu mwingine kwa kuwa tu hakuridhika alivyosalimiwa, na ile ndoa ikaishia palepale. Kwa hiyo kila mtu nyumbani alijua. Huyu mzee akikasirika, mimi sina mume.

Kwetu mgeni wa heshima hutanguliziwa kahawa za kutafuna. Mtoto anapiga magoti na kikapu kidogo, mgeni anachukua punje chache, ndipo maneno yanaanza. Kahawa ile haina bei, hata mgeni awe hasimu wako.

Asubuhi, wakati nahangaika na nguo, Koku akaja.

"Shangazi, kuwapelekea wageni kahawa ni kazi ya kawaida au ya ziada?"

"Ya ziada," nikasema (mimi ni mkweli, ndiyo shida yangu).

"Basi mia mbili."

Sikuwa na hata shilingi. Ningeweza kusema nitakupa kesho, lakini nikawaza, je, si namfundisha mtoto kukopesha ovyo? Nikamwambia, "Anayelipa ni yule anayefanyiwa kazi. Hebu niache nivae."

Wageni wakafika, wakakaa. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, maana mwali haonekani mpaka aitwe, nimetega sikio mlangoni.

"Shikamoo babu," nikamsikia Koku.

"Marahaba, mjukuu wangu. Lete basi hiyo kahawa."

"Babu, tukubaliane kwanza. Mia mbili."

"Mia mbili ya nini?"

"Ya kuwaletea kahawa. Ila kwa kuwa mko wengi, nitawafanyia bei ya jumla."

"Koku!" Baba akafoka.

"Shangazi amesema anayefanyiwa kazi ndiye analipa!"

Nikasikia kiti kikisogea. "Sisi tulikuja kuposa," baba mkubwa akasema polepole. "Hatukuambiwa kama hapa ni hotelini."

Hapo nikatoka mbio bila kuitwa, juu gauni la shughuli, chini kandambili za bafuni, na badala ya kupiga magoti na kuomba radhi nikaanza kufafanua. "Shikamooni wazee wangu. Kahawa ni bure kabisa. Kinacholipiwa ni huduma."

Mama akajifunika uso kwa kanga.

Mzee akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Ndiye huyu?"

"Ndiye," Baba akajibu, kwa sauti ya mtu anayetambua maiti.

"Mwanangu, ukishaolewa, nikikuomba maji ya kunawa, nitafute chenji kwanza?"

Jibu lilikuwa hapana. Neno moja tu. Mimi nikafikiri. "Inategemea, baba. Kama ni kazi ya kawaida, hapana."

Kisha mzee mmoja wa Kyerwa akapaliwa na kicheko, mwenzake akafuata, mwisho baba mkubwa naye akashindwa kujizuia, akakaa, akachukua kahawa. Nikadhani tumepona. Lakini ilipofika mahari, kila Baba alipotaja ng'ombe, mzee yule aliuliza kwa upole, "Hapo ni pamoja na huduma?" na wenzake wakacheka upya, na Baba, kwa aibu, akashuka. Nilipata mume, na Baba akapata ng'ombe pungufu.

Jioni akaniita. Nikajua leo ni leo.

"Chuo nililipa ada," akasema. "Hao ng'ombe waliobaki Kyerwa wahesabu kuwa ni ada ya pili. Ya tatu sina."

Tangu siku ile nimeapa: Mungu akinijalia watoto, mambo ya pesa watafundishwa na baba yao, na mimi swali likihitaji jibu la neno moja, nitatoa neno moja.