Aliyenionyesha Bimu ya Tatu

Mimi kazi yangu ni kupima. Siandiki kitu ambacho kifaa hakijasoma, na wenzangu ofisini wananijua hivyo, wengine hata wananichoka. Kwa hiyo ninapokwambia kwamba saa saba mchana, jua likiwaka, niliongea na mtu aliyekwisha kuzikwa, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uamue. Dereva niliyekuwa naye yuko hai, anakaa Majengo, Dodoma. Kamuulize.

Daraja lenyewe sitalitaja. Liko mbele ya Kolo, kwenye barabara ya vumbi, linavuka korongo la mchanga ambalo maji hupita wiki chache tu kwa mwaka. Ni la zege, la zamani, limebebwa na bimu nne, yaani mihimili ya zege iliyolala juu ya nguzo. Lilijengwa wakati magari yalikuwa machache na madogo. Siku hizi yanapita malori ya alizeti yenye tela. Nilitumwa kuangalia kama bado linaweza kuyabeba.

Nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa kilichonitisha. Ndani ya bimu kuna nondo ndefu zilizolala, na kuna vyuma vyembamba vilivyokunjwa pembe nne kuzizunguka. Mafundi wanaviita ringi. Nondo ndefu zikizidiwa, bimu inalegea na kupasuka polepole. Unaona, unafunga njia. Lakini ringi zikikosekana karibu na pale bimu inapokalia nguzo, inakatika mshazari, mara moja. Haiagi. Lori lililopita salama asubuhi linaweza kurudi jioni likaenda nayo chini.

Asubuhi ile nilipima bimu mbili kwa kifaa kinachosoma chuma ndani ya zege. Ringi zilikuwepo, kama mchoro wa zamani ulivyosema. Bimu ya tatu, upande wa Kondoa, palikuwa na nyuki wamejibandika, na mimi nyuki nawaogopa. Nikajiambia mbili zinatosha, mchoro umekwisha sema kweli. Usinicheke. Wengi tunafanya hivyo.

Tairi letu lilikuwa limepata pancha. Dereva, Baba Neema, akalipakia kwenye bodaboda akaenda Kolo kuliziba. Nikabaki peke yangu chini ya daraja, nimekaa juu ya jiwe, naandika.

Nilipoinua kichwa, alikuwepo. Mzee mwembamba, shati la kaki, mkononi ana koleo la kukazia waya. Shati lilikuwa na madoa ya zege bichi, bado linachuruzika. Nikadhani kuna watu wanajenga jirani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole, kwa lafudhi ya Kirangi. Akauliza nimepima bimu ngapi. Nikamwambia. Akauliza kwa nini naiacha ya tatu. Nikamjibu kwamba mchoro unaonyesha zote ni sawa.

"Mchoro haukuwepo siku ile, binti," akasema. "Mimi nilikuwepo, nikaondoka."

Akanisimulia huku akitazama juu. Ringi za bimu ile alizikunja yeye. Kabla hajamaliza kuzifunga, akaletewa habari kwamba mtoto wake anaumwa, akaondoka mbio. Aliporudi baada ya siku nne, zege lilikwisha mwagwa. Ringi za mwisho wa upande wa Kondoa akazikuta kwenye rundo, bado zimefungwa pamoja kama alivyoziacha. Akamweleza msimamizi. Msimamizi akamwambia azifukie mchangani kama anataka kuendelea na kazi.

"Nikazifukia," akasema. "Wiki ile nilizika mara mbili."

Halafu akaenda kwenye bimu ya tatu, akapitisha mkono katikati ya nyuki, akaweka kiganja kwenye zege. Nyuki hata mmoja hakuruka. Unaweza kuniambia nyuki gani hao? Simu ikalia, ni ujumbe wa Baba Neema kwamba anarudi. Nikaitazama kwa muda wa kupepesa tu. Nilipogeuka, hakuna mtu. Mchangani palikuwa na nyayo za viatu vyangu na vya Baba Neema, basi.

Sikumwambia kitu Baba Neema. Nilimwomba tu tuwatoe nyuki kwa moshi. Alinung'unika, lakini akawasha matawi mabichi. Walipoondoka, yeye ndiye aliyeona kwanza.

"Nani kapaka zege hapa?" akauliza. "Mbona bado bichi?"

Ilikuwa alama ya kiganja cha mtu, vidole vitano. Nikapitisha kifaa pale. Nondo ndefu zilionekana, zimelala zenyewe tu. Kwa zaidi ya hatua mbili kutoka kwenye nguzo, hapakuwa na ringi hata moja. Nikapima tena, na tena. Kisha tukaburuta mawe na matawi tukafunga barabara pande zote mbili, nikapiga simu ofisini kwamba hakuna lori litakalopita hapa.

Jioni nikauliza kijijini kama kuna fundi aliyefanya kazi kwenye daraja lile. Wakanipeleka kwa Bi Hadija, mjane wa Fundi Issa. Alikuwa anapepeta uwele uani. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikamweleza niliyemwona. Hakushtuka. Aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga. Akaniambia mumewe amekufa mvua tatu zilizopita. Mtoto wao aliitwa Mwajuma, alikuwa na miaka miwili, wa kwanza, na walimzika siku ileile zege lilipomwagwa.

Habari ya ringi mumewe aliificha miaka yote. Alimweleza uzeeni tu, baada ya malori kuanza kupita usiku na yeye kushindwa kulala. Ndipo akasafiri hadi Dodoma, kwenye ofisi ya barabara.

"Alipokelewa na binti," Bi Hadija akasema. "Mume wangu alimsifu sana binti huyo. Alisema binti alimpa kiti, akaandika jina lake kwenye karatasi, akamwambia arudi nyumbani, watakuja. Basi akawa anakaa barabarani kila siku, anawangoja."

Sijui nikuelezeje nilivyojisikia. Yule binti ni mimi. Nilikuwa mgeni kazini, nimewekwa mapokezi kwa mwezi mmoja. Nilimkumbuka palepale: mzee aliyeshika kofia magotini, anaongea taratibu mno, na mimi natazama saa. Nilidhani ni mpweke anayetafuta wa kuzungumza naye. Karatasi ile sijui hata ilikwenda wapi. Chini ya daraja sikumtambua. Yeye kama alinitambua, hakunilaumu.

Nilimwambia mjane ukweli, nikalia mbele yake. Akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Basi umekuja, mwanangu," akasema.

Daraja lilifungwa msimu mzima, likaimarishwa, sasa linapitika. Hakuna aliyekufa pale, namshukuru Mungu. Lakini mtu mmoja alikaa kando ya barabara akitazama kila gari la ofisi lililopita, mpaka akafa, kwa sababu yangu. Nyumbani kwangu Area D mume wangu amezoea kuniona nimeamka alfajiri, nimekaa tu. Kila Idi nilikuwa nakwenda Kolo kumwona Bi Hadija. Mwaka jana nilikwenda kumzika. Wamemlaza kati ya mumewe na kikaburi kidogo ambacho nusura kipotee kwenye majani.

Na wewe unayekaa nyuma ya meza, popote ulipo: akija mtu kukuambia kuna kitu alikijenga vibaya, jua kwamba amehangaika sana kufika hapo. Usimwandike jina ukamrudisha. Inuka siku hiyohiyo, uende naye akakuonyeshe, angali hai.