Kikombe cha Dashibodi

Ukitaka kunijua vizuri, jua kwanza kwamba mimi si mtu wa kusamehe haraka. Marehemu mama alikuwa akisema moyo wangu ni chungu cha udongo: huchelewa kupata moto, na ukishaupata huchelewa kupoa. Haya yalinipata hapahapa Garsen, na mpaka leo sijapoa.

Nilikuwa dereva wa magari ya kukodisha. Tajiri wangu alikuwa mzee wa Kisomali, mwenye biashara ya mifugo kule Madogo na magari huku Garsen, nasi tulimwita Haji. Alikuwa na magari matatu ya kisasa, yale yanayomsaidia dereva njiani. Yanaona mistari ya barabara, yanapiga breki yenyewe, yanalifuata gari la mbele kwa adabu bila wewe kukanyaga mafuta. Moja la Kijerumani, moja la Kikorea, moja la Kijapani. Nimeyaendesha yote, Garsen, Minjila, Hola hadi Madogo, na tabia zao nikazijua kama mke mkubwa anavyojua tabia za wake wenzake.

La Kijerumani lilikuwa na kiburi. Ng'ombe akisimama ubavu katikati ya lami, linamwona kutoka mbali na kupunguza mwendo lenyewe, mpaka unasema ahsante. Lakini mbuzi, ng'o, halimtambui mpaka awe chini ya pua. Na kibaya zaidi, mistari ya barabara ikiisha, linaacha kushika usukani kimyakimya, halikwambii neno. Ukiwa umelitegemea, shauri yako. La Kikorea lilikuwa na kelele za mama mkwe. Ukiondoa mkono kwenye usukani kidogo tu, linalia. Sasa niambie, mchungaji amekusanya kundi lake lote pembeni kwa ajili yako, jua linamchoma, utampitaje bila kumwinulia mkono? Huku kwetu hatupiti watu kama mawe. Basi lililia kila nilipomsalimu mtu, na mimi sikuacha kusalimu.

La Kijapani lilikuwa laini kuliko yote, na lilikuja na lugha yake. Ukiliwasha, mwanamke anakuamkia kwa Kijapani, nami namjibu "marahaba" kwa mzaha. Tabia yake moja: lilikuwa linahesabu unavyoyumba. Ukivuka mstari huku, ukarudi, ukavuka tena, mwanamke yule anaongea na kwenye dashibodi kinawaka kikombe cha kahawa kinachotoa moshi. Maana yake, dereva, naona umechoka, hebu pumzika.

Lakini barabara yetu, baada ya mafuriko, imeliwa kingo kama mkate na panya. Dereva mwenye akili anapita katikati, akiona gari linakuja anarudi upande wake, likipita anakwenda katikati tena. Anayeyumba ndiye aliye macho. Aliyelala ndiye anayekwenda moja kwa moja mpaka shimoni. Kwa hiyo kikombe kiliniwakia kila safari, nami nilikizoea.

Ndipo akaja mpwa wa Haji kutoka Nairobi, kijana wa miwani myeusi na simu mbili, akafanywa msimamizi wa magari. Hakuwa ameendesha barabara yetu hata siku moja. Nikampeleka Hola kwa lile la Kijapani. Tulipofika penye kingo zilizoliwa, mwanamke akaongea, kikombe kikawaka. Nikamwona anainua simu, akapiga picha. Nikadhani amefurahishwa na taa.

Kumbe! Kabla hatujafika Hola, picha ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la madereva wote wa Garsen. Chini yake ameandika: "Mwangalieni dereva wenu. Amelala, gari ndilo limemwamsha." Na vile vikatuni vya kucheka machozi.

Kesho yake Haji akaniomba funguo. Nilimweleza habari ya kingo, nikamweleza habari ya kuyumba. Akanisikiliza, kisha akasema kwa upole, akiniita dada kwa Kisomali chao, "Abaayo, gari halina chuki na mtu. Gari limesema." Mpwa wake alikuwa amesimama mlangoni. "Haya magari hayadanganyi, mama," akaniambia. "Dereva ndiye anayedanganya. Tena miaka si mingi hata dereva hatahitajika." Akatabasamu. Lile tabasamu nililiweka moyoni.

Garsen ni mji mdogo. Kufikia Ijumaa nilikuwa na jina jipya. Nikipita kwenye benchi la kahawa wanaume wanaita, "Mama Kahawa! Njoo upige kimoja, usije ukatuangusha!" Nikawatukana, wakazidi kucheka. Hilo ningelivumilia, maana mimi mwenyewe nacheka watu.

Jambo moja halikuvumilika. Nilikuwa nimeazimwa pikapu na shangazi yangu, natafuta abiria wa hapa na pale, maana hakuna aliyetaka kuniajiri. Nilipofika Minjila nikamkuta jirani yangu wa siku nyingi, aliyehamia huko, kando ya barabara na mkaza mwanawe, msichana uchungu wa kuzaa umemshika, amepiga magoti kwenye vumbi. Nikasimama, nikafungua mlango. "Ingieni, niwafikishe hospitali ya Ngao." Yule mama akanitazama, akayaondoa macho. "Mwanangu, usinikasirikie," akasema. "Tutangoja gari jingine. Wanasema wewe unalala."

Nikasimama pale na mlango wazi. Yule msichana anaugua chini, na gari lipo, na dereva yupo, na hawapandi. Gari jingine lilikuja, alifika, akajifungua salama, namshukuru Mungu. Lakini mimi niliegesha pikapu chini ya mti wa mathenge nikalia kwa hasira mpaka kamasi, nikaapa. Wallahi yule kijana atakionja kikombe changu, na hatakionja peke yake, atakionja mbele za watu.

Sikuhangaika. Nilijua tabia ya gari na tabia ya barabara, nikajua siku yake itafika.

Ilifika na mama mmoja wa Nairobi, wa mradi wa visima, mteja wangu wa zamani. Nilikuwa nimemzungusha Tana River nzima miaka iliyopita. Alitaka kukodi gari msimu mzima, na kazini kwao walimtaka achukue lenye vile vifaa vya kusaidia dereva. Akamuuliza Haji, "Dereva wangu yuko wapi?" Haji akajikuna. Mpwa akasema nilikuwa nalala kazini, na kwamba yeye mwenyewe atamwonyesha gari. Yule mama akasema vizuri, lakini huyo dada naye aje, akae hata nyuma.

Haji akanipigia simu, sauti chini. "Abaayo, tutoe gari gani? Huyu mtoto hajui tofauti zao."

"La Kijapani, Haji," nikamwambia. "Ndilo laini."

Na sikudanganya. Ndilo laini.

Tukashika njia ya Hola, mimi nyuma, katikati, kama mzigo. Mama wa Nairobi mbele, kushoto. Kijana kwenye usukani, miwani yake, marashi yake, anamhubiria: gari hili linashika mstari lenyewe, tazama, natoa mikono. Mchungaji mmoja akainua fimbo kutusalimu. Kijana hakumjibu. Mimi nilimpungia kupitia dirisha la nyuma, nikaona haya kwa niaba ya gari zima.

Mbele ya kona nikaona matawi ya mathenge yametandazwa kwenye lami. Mtoto wa huku anajua maana yake kabla hajajua kusoma: kuna lori limekufa mbele. Kijana akayapita juu, kraa, kraa, mwendo uleule. Gari nalo halikusema kitu. Hakuna lililofundishwa kusoma matawi, si la Mjerumani, si la Mkorea, si la Mjapani.

Nakwambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Ulimi niliushika kwa meno. Halafu nikatazama kisogo cha yule mama, hakuwa na kosa lolote, nami nina watoto. "Punguza!" nikapiga kelele. "Matawi hayo! Lori!"

Akakanyaga breki, gari nalo likakanyaga zake, tukasimama karibu na lori la ng'ombe lililokatika ekseli. Ng'ombe mmoja alitutazama huku anatafuna. Mama wa Nairobi alikuwa ameshika kifua.

"Halina shida," kijana akasema, akirekebisha miwani. "Gari limejisimamisha."

"Dada ndiye aliyetusimamisha," yule mama akasema.

Tukalizunguka lori, tukaingia penye kingo zilizoliwa. Sasa alikuwa na woga, na woga ulimfundisha kupita katikati. Akaenda katikati, gari likamvuta kwenye mstari, akalivuta, likamvuta. Lori likija anarudi, likipita anatoka. Jasho likamtoka chini ya miwani. Nikasogea mbele kidogo, nikatoa simu, nikangoja.

Mwanamke wa Kijapani akaongea. Kikombe kikawaka, na moshi wake.

"Ni nini hicho?" mama wa Nairobi akauliza.

"Kinasema dereva amelala," nikajibu mimi kutoka nyuma, taratibu kabisa.

"Sijalala!" kijana akafoka. "Mama, si unaniona niko macho! Hili gari linakosea, ni hii barabara, mtu lazima ayumbe, lazima!"

"Rudia," nikamwambia. "Sijasikia vizuri."

Yule mama alikuwa amegeuka, ananitazama, kisha akamtazama yeye, na nikaona ameelewa yote bila kuelezwa. Picha nilishapiga: kikombe, usukani, na mkono wenye saa yake ya bei, inayojulikana na Garsen nzima. Nikaituma kwenye kundi lilelile. Maneno sikuyatunga, niliyanakili ya kwake herufi kwa herufi: "Mwangalieni dereva wenu. Amelala, gari ndilo limemwamsha."

Mwosha huoshwa. Tuliporudi Garsen, benchi la kahawa lilikuwa limesimama lote, dhifa imeandaliwa. "Bwana Kahawa! Karibu! Kahawa tungu au ya tangawizi?" Haji alinirudishia funguo kwa mikono miwili, na yule mama akasema hapandi gari nisiloendesha mimi.

Jioni kijana akanifuata nyumbani. Bila miwani alikuwa mdogo, macho ya mtu aliyekosa usingizi kweli. "Dada," akasema, "nimekukosea. Tafadhali ifute ile picha. Kuna watu Nairobi wameiona. Kuna kazi nimeomba."

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaendelea kuchambua.

"Kuna msichana alipiga magoti Minjila," nikamwambia, "gari langu liko wazi, na hakupanda. Nenda kwa mama mkwe wake. Mweleze wewe, kwa mdomo wako, kwamba silali. Kisha nenda kwenye benchi la kahawa ukaseme hivyohivyo."

"Nikienda utaifuta?"

"Nenda kwanza."

Alikwenda. Kote kuwili alikwenda, watu walinihadithia, na kwa Minjila alikwenda kwa miguu, maana hakuna dereva aliyekubali kumpakia. Wiki iliyofuata yule jirani akanisimamisha barabarani na mjukuu wake mgongoni, akapanda mbele, akaniwekea mtoto mapajani kabla sijawasha gari.

Picha ipo. Juzi nimeitazama tena.