Kigoda cha Mama

Kigoda cha mama bado kinanuka moshi wa jikoni na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilikuwa mdogo, nimemshika kitenge, siku alipokibeba kwenda kwenye mkutano wa kupanga kisima kijijini. Wanaume walikuwa wamekalia viti, akina mama wamekaa chini vumbini. Mama akakitua katikati ya wanaume, akakikalia.

“Mayu, wanawake wanakaa kule chini,” mwenyekiti akamkemea.

“Maji nachota mimi, baba. Ninyi mtajuaje kisima kikae wapi?”

Hakuinuka mpaka walipokubali kisima kichimbwe pale alipotaka yeye.

Jana, kwenye kikao cha maji mjini Bariadi, mimi binti yake, mkurugenzi wa asasi, nikaonyeshwa kiti cha nyuma kabisa, mlangoni.

“Asante,” nikasema, huku napita kwenda mbele na kigoda cha mama kwapani. “Nimekuja na changu.”