Kadi ya Rayhana Chini ya Taa

Rayhana wa mtaa wetu wa Mbugangari anafua shuka za hoteli, na usafi kwake ni ugonjwa, mimi jirani yake nasema bila kuficha. Hata kadi yake ya kuvukia mpaka alikuwa akiiloweka kwenye povu la shuka nyeupe kila Ijumaa, eti isinuke jasho. Nilimcheka sana. Sasa sicheki.

Asubuhi ile simu ilitoka Goma, ng'ambo ya mpaka: mama yake amefariki, anazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu Waislamu mwanamke huoshwa na wanawake, na binti ndiye wa kwanza kumshika. Rayhana alikuwa binti pekee.

"Nadra, twende," akaniambia. "Mama namuosha mimi, si mutu mwingine."

Mpakani wana taa ya zambarau. Kadi halali hukaa giza chini yake, ikatokeza alama moja ndogo inayong'aa. Yangu ilitokeza, nikapita. Ya Rayhana iliwaka yote, nyeupe, alama ikapotea humo humo.

"Hii ni ya kughushi," ofisa akasema.

"Hapana, afande! Mama yangu amekufa!"

"Bon, basi iko na uchafu."

Uchafu! Neno hilo usimwambie mfuaji. Akakimbilia bombani, akatoa kifuko cha sabuni ya unga mkobani (he, mtu anakwenda msibani na sabuni!), akaisugua kadi mpaka vidole vikawa vyekundu. Chini ya taa ikawaka kuliko mwanzo, na mikono yake nayo ikawaka mpaka kwenye kucha. Ofisa akawaita wenzake waje waone. Walicheka, wallahi, walicheka mbele ya mfiwa. Kisha wakamwambia akae kwenye benchi amsubiri mkubwa wao.

"We tangulia," akaniambia, analia. "Waambie wanisubiri."

Niliwaambia. Shangazi yake hata hakugeuka. "Adhuhuri imekaribia, na mikono haitoshi. Shika hii," akasema, akanisukumia kopo la maji. Nikamwosha mama wa watu.

Nilikuja kusikia kwamba mkubwa alipofika alieleza kwa sentensi moja: sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo ndiyo inayowaka kwenye taa. Akamruhusu avuke. Rayhana alifika jeneza limeshatoka, wanaume wako njiani kwenda makaburini.

"Umemaliza kufua mashuka ya wageni wako?" shangazi akamuuliza mbele ya watu wote.

Rayhana alimpita. Alinijia mimi.

"Nani alimuosha mama?"

"Mimi, dada."

Akanishika mikono, akainusa. Ilinuka kafuri ya kuoshea maiti. Akaiachia ghafla, akaenda kukaa peke yake ukutani. Mimi kosa langu nini? Tunaishi ukuta kwa ukuta, na mpaka leo haitikii salamu yangu.