Kiboko Alitupisha Homa Bay

Leo nimeona kichwa kikubwa kuliko boneti ya lori, na kilikuwa kinaniangalia mimi.

Mnanijua. Jet ski nimeendesha Mombasa, nimeendesha mpaka Dubai. Kwa hivyo leo hapa Homa Bay nikakodi kayaki, nikamweka mke wangu Akinyi mbele.

"Tulia mama, uko na kapteni."

Tukapita magugu ya ziwa. Maji yakafura mbele yetu, kiboko akatokea.

Wazee, nilisahau kasia. Nilisahau hata jina langu.

Akinyi ni binti wa mvuvi wa Muhuru Bay. Hakupiga nduru. Akaanza kugonga ubavu wa kayaki pole pole: ko, ko, ko.

"Unamwita?!"

"Namwonyesha tuko wapi, asishtuke. Baba alinifunza. Na wewe jaduong', mzee wangu, piga kasia kurudi nyuma!"

Kiboko akapumua, maji yakanirukia usoni. Halafu akazama. Tukaona mapovu yakienda mbali, mbali kabisa na sisi.



Wenye mabibi wa ziwani, nyinyi mliambiwa hii siri? Ama ni mimi tu nimelala kando ya Akinyi miaka kumi na mbili bila kujua?