Wadudu wa Meno ya Mama

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini, kama bibi yangu wa Tanga alivyotufundisha, kwamba jino linaloharibika lina mdudu ndani.

Tulikuwa ugenini katika nchi ya Waarabu, mtaa wa Discovery Gardens, chumba kimoja katika nyumba tuliyochangia na walinzi watatu wa Uganda. Baba aliendesha lori, mama alifanya kazi za ndani kwa madam mmoja wa mtaa wa Marina. Mama alikuwa na miaka arobaini na tatu, na kila akipiga mswaki mate yake yalikuwa mekundu. Akaacha kupiga mswaki, maana aliona si vizuri kukwaruza kidonda. Fizi zikazidi kuvimba, meno mawili ya chini yakaanza kucheza. Alikuwa akiyasukuma kwa ulimi akidhani simwoni.

Bibi alimwonya mama kwa simu: "Mdudu mmoja usipomtoa atahamia kwa majirani zake. Utabaki kibogoyo, mwanangu." Akampa mtu aliyekuwa anasafiri kuja huku mbegu za tunguja, za kuchoma ili moshi wake umtoe mdudu.

Baba alitaka mama aende kwa daktari wa meno. Mama alimwogopa madam. Mfanyakazi aliyemtangulia aliugua, akakatiwa tiketi ya kurudi kwao wiki hiyohiyo.

"Nikiomba ruhusa atasema nimechoka. Khalas, yamekwisha, narudishwa," mama alisema. Kisha akaahidi: "Ijumaa nafukiza. Wadudu wasipotoka, Jumapili namwambia."

Ijumaa hiyo, mchana, baba akiwa kazini, mama alikivisha king'ora cha moshi kofia ya nailoni ya kuogea ili kisilie. Alizima kiyoyozi, na ilikuwa Julai, mwezi wa joto kali huko. Akaweka makaa kwenye chetezo cha udi, akanyunyiza mbegu zilizochanganywa na samli, kisha akatufunika wote wawili blanketi zito. Yeye alitakiwa kupanua mdomo juu ya moshi na kufumba macho. Mimi nilitakiwa kushika bakuli la maji karibu na chetezo na kutazama wadudu wakidondoka.

Sijawahi kuogopa vile. Macho yaliwaka, jasho liliingia mdomoni, na kila nilipotaka kuinua ukingo wa blanketi mama alinibana kwa goti. Mbegu zilipasuka moja moja. Mara mlango ukagongwa.

"Mama Zuhura, kwani munachoma nini huko?" Alikuwa mmoja wa wale walinzi.

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Yule mlinzi angefungua akaona king'ora kimefunikwa, angemwambia mwenye nyumba, na sisi tungetafuta pa kwenda. Kikohozi kilinipanda nikakimeza. Yule mtu alisimama muda mrefu mno, kisha tukasikia kandambili zake zikiondoka.

Mama alinong'ona, macho bado kayafumba, "Wametoka?"

Ndani ya bakuli kulikuwa na vitu vyeupe vidogo, na kando yake maganda. Nilijua ni mbegu zilizopasuka. Lakini nilitaka kutoka, basi.

"Wametoka wote, mama."

Alilitupa blanketi, akanikumbatia. Jumapili hakumwambia madam neno.

Miaka saba baadaye alikuwa ameng'oka meno sita, yamefuatana kama bibi alivyosema. Daktari wa meno wa mtaa wa Rashidiya, tulipomfikia hatimaye, hakushangaa hata kidogo. Alisema ugonjwa wa fizi ni wa kawaida sana kwa watu wa umri wa mama, kila siku anawapokea: wanaona damu, wanaacha mswaki, wanakuja jino likiwa mkononi. Nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiwa na hatia yangu, na jioni hiyo nikamwambia mama ukweli wa lile bakuli.

Alikuwa anasukutua mdomo kwa maji ya chumvi. Hakugeuka.

"Mbegu nilizitia mwenyewe, Zuhura. Ningeshindwaje kuzijua?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ungesema hawajatoka, ningelazimika kumwambia madam. Nilikuwa naomba useme wametoka."

Nilikasirika, kisha nikaona haya kwa kukasirika. Miaka yote hiyo nilidhani nilimdanganya mama, kumbe nilimjibu alivyotaka. Bibi alikuwa sahihi kuwa kitu kilikuwa kinahama jino hadi jino, ila kilichokizuia kutibiwa kilikuwa hofu ya mwanamke mzima kuomba ruhusa ya siku moja. Mimi nilitoka kwenye blanketi lile mchana uleule. Mama alibaki humo hadi meno sita yalipomng'oka.